Mgongo Nilioupa Mzigo

Kazi yangu ni mkono. Watu wa nyumbani kwetu Shishiyu bado wanadhani naendesha kreni, na nimechoka kuwasahihisha. Anayeendesha kreni ni opereta, amekaa juu kwenye kibanda chake cha kioo, na mara nyingi haoni kabisa mahali mzigo unapotua. Mimi nasimama chini, mahali anaponiona, na mkono wangu unamwambia pandisha, shusha, geuza, simama. Mkono ukisema shusha, anashusha. Yeye hana ruhusa ya kubishana nao, na mimi sina ruhusa ya kuutumia bila kutazama mzigo.

Mwaka ule tulikuwa tunalaza mabomba ya chuma ya mradi wa maji, upande wa Itilima, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Lagangabilili. Kila bomba lilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, na unene ambao mtu mzima akilikumbatia vidole vyake havikutani. Mtaro ulipita katikati ya mashamba ya pamba, ukakata njia za ng'ombe, ukapita nyuma ya kaya ya wakwe zangu, hatua kama mia tatu kutoka zizini. Nilipoiona ramani kwa mara ya kwanza nilicheka.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe. Mwanamume aliyelelewa na wazazi kama wangu hamsogelei mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anatoka kwenye njia, anaingia pembeni, anageuka na kutazama kwingine hadi mwenzake apite. Mara nyingi wote wawili hutoka, njia ikabaki tupu. Siyo chuki, ni heshima. Kwa wengine imeanza kulegea, hasa Bariadi mjini, ambako mtu anakaa sebule moja na mama mkwe wake wakitazama runinga. Kwetu haijalegea. Nilikuwa na miaka saba ya ndoa na sikuwa nimeutazama uso wa mama mkwe wangu hata siku moja. Nilimjua kwa vitenge vyake na kwa kikohozi chake.

Mama huyo alikuwa na mabinti watano na mtoto mmoja tu wa kiume. Huyo mmoja ndiye niliyemwingiza kazini. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, mwenye kifua cha kuzuia fahali, na aliniomba mwenyewe. Nikampa kamba. Bomba likiwa hewani huwa limefungwa kamba kila mwisho, na mshika kamba anasimama mbali akiliongoza lisizunguke. Ni kazi rahisi hadi siku inapokuwa ngumu.

Mama mkwe hakuweza kuniambia neno, kwa hiyo alimtuma mke wangu. Mke wangu alinipigia simu jioni ya siku ile ile kaka yake alipoajiriwa. "Mama anasema, mwambie aliyemchukua amrudishe kama alivyomchukua."

Nilijibu kwa mzaha kwamba nitamrudisha akiwa amenenepa. Lakini kila asubuhi nilipofunga kamba za buti maneno yale yalinirudia, na sikuyapenda.

Siku ninayoisimulia ilianza na ugomvi wa vibano, vyuma vinavyouma mzigo na kuuning'iniza kwenye kreni. Nilikuwa nimeshinda Bariadi siku iliyotangulia, nimempeleka mtoto kliniki, na niliporudi kwenye mtaro nikakuta vibano vya kunyanyulia mabati vimening'inia kwenye kreni. Nikauliza vinafanya nini hapo. Fomani, mtu wa haraka anayetembea huku simu iko sikioni, akanijibu kwamba vibano vyetu vya mabomba vimepelekwa kwa kikosi cha upande wa Mwanhuzi, na kwamba hivi navyo ni vibano.

"Jana vimenyanyua matatu," akasema. "Hakuna kilichodondoka."

"Jana sikuwepo."

"Ndiyo maana kazi ilikwenda."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikavua helmeti nikaiweka juu ya kreti. "Basi na leo sipo. Nyanyueni."

Nina hasira za karibu, mke wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini siku ile hasira yangu ilikuwa na akili. Kibano cha bati kina taya bapa, kimetengenezwa kuuma chuma kilichonyooka. Ukikiweka kwenye ukuta wa bomba, ambao umepinda, jino linagusa sehemu nyembamba kama uzi, na uzito wote wa tani mbili unabebwa na uzi huo. Kinaweza kunyanyua mabomba matatu. Kinaweza kunyanyua ishirini. Halafu kinaachia, na hakitoi taarifa. Nilimtazama shemeji yangu amesimama na kamba yake mabegani, ananisubiri mimi niamue. Jana alikuwa amesimama vile vile chini ya meno yale, mimi niko kliniki napiga soga foleni.

Fomani alipiga simu, akafoka, akapiga nyingine. Ilipokaribia saa sita gari likaja kutoka Bariadi na kreti mbili za vibano vya mabomba.

Nilivikagua mwenyewe, na sikukubali mtu anisaidie. Kila kibano kina kibati kinachoonyesha kinabeba uzito gani na kinashika unene gani, kuanzia huu hadi ule. Unene wetu ulikuwa katikati ya vipimo hivyo, nikaridhika, kwa sababu kibano kinachofika unene wako kwa kujinyoosha ni sawa na kiatu kinachobana. Taya zilikuwa na mviringo wa bomba, na ndani yake mpira usioliwa. Nilipitisha kidole kwenye kila kiungio nikitafuta ufa. Pini zilikaa. Kimoja kilikuwa na udongo wa safari iliyopita ndani ya taya, ule udongo wetu mweusi wa mbuga ambao ukikauka ni jiwe na ukilowa ni sabuni. Nikaukwangua kwa bisibisi hadi mpira ukaonekana. Fomani alikuwa anatazama saa ya simu yake. Nikakwangua polepole zaidi, kwa kumkomoa, nakiri.

Vibano vyenyewe vinafanya kazi kama koleo la mkaa. Vinaning'inia viwili kwenye boriti ya chuma, kila kimoja na mikono yake miwili inayolikumbatia bomba. Kreni ikivuta, uzito wa bomba unaibana mikono, na kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo unavyoshikwa. Havina kufuli. Uzito wenyewe ndiyo kufuli. Ubaya wake ni kwamba bomba likiegemea kitu, uzito unapungua, na mikono inaanza kufunguka, iwe umetaka au hujataka. Ndiyo maana mwenye mkono hapaswi kuliondolea macho hadi limelala chini kabisa.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha wengine.

Utepe mwekundu wa kuzuia watu ulikuwa umekatwa asubuhi na ng'ombe waliokuwa wanakwenda lamboni. Niliuona umelala chini pale njia ya miguu inapokatiza mtaro, nikajiambia nitaufunga tukishaweka vibano. Vibano vilipokuwa tayari fomani alianza kupiga makofi ya kutuharakisha, nami nilikuwa nimeshashinda ugomvi mmoja, sikutaka wa pili. Sikuufunga. Hilo ni kosa langu la kwanza siku ile.

Tulinyanyua kwanza kwa majaribio, kimo cha goti tu, tukasubiri. Bomba likatulia. Vibano vilikuwa vimeshika vizuri mpaka nikajisikia fahari, nikamtupia fomani jicho. Kisha nikainua mkono, bomba likapanda, likazunguka taratibu kuelekea mtaro. Shemeji alikuwa upande wangu wa mtaro, ameshika kamba ya mwisho wa karibu. Mwenzake alishika kamba ya mwisho wa pili, mbali kule. Upande wangu kulikuwa na tuta refu la udongo uliochimbwa, shemeji akiwa amesimama juu mgongoni mwake, na kati ya tuta na mtaro kulibaki ujia mwembamba. Njia ya miguu ilipita kwenye pengo la tuta hilo, na mimi nilikuwa nimesimama mdomoni mwa njia hiyo, ndipo opereta aliponiona vizuri. Nikaanza kumwambia shusha, taratibu, shusha.

Nikasikia kikohozi.

Nilimwona kwa pembe ya jicho. Kitenge cha bluu, kibuyu mkononi, kapu kichwani. Alikuwa anamletea mwanawe chakula cha mchana, kwa njia aliyoipita tangu alipoolewa, na hapakuwa na utepe wa kumwambia asipite. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilipima jambo hili na lile, lakini ningekuwa nadanganya. Mwili wangu uligeuka wenyewe, kama ulivyogeuka kwa miaka saba, nikampa mgongo mama mkwe wangu na nikatazama shamba la pamba. Mkono wangu ulibaki hewani, bado unasema shusha. Opereta akatii mkono.

Naye, mama mkwe wangu, aliponiona akafanya vile vile. Akatoka kwenye njia, akaingia pembeni, akanipa mgongo, akachuchumaa na kujifunika kitenge kichwani hadi mkwe wake apite. Pembeni palikuwa ule ujia kati ya tuta na mtaro. Tuliheshimiana vizuri sana, mimi nikitazama pamba, yeye akitazama udongo, na juu yake zikishuka tani mbili za chuma.

Opereta alipiga honi. Nilipogeuka, mwisho wa bomba ulikuwa umeshaegemea kilele cha tuta. Kibano cha upande wangu kilikuwa kimelegea, taya zimeachama, vidole viwili vinapita kati ya mpira na chuma. Chini ya bomba hilo, usawa wa futi nne, niliona kitenge cha bluu.

Nikanyoosha mikono yote miwili: simama, usiguse kitu. Kreni ikanyamaza. Kushusha zaidi kungefungua taya kabisa. Kupandisha kungekuwa kamari, zingeweza kuuma tena au kuteleza moja kwa moja. Kitu kilicholizuia bomba lisibingirike kutoka kwenye tuta kuelekea mtaroni ilikuwa kamba ya shemeji, na kamba ile haikuwekwa pale kuzuia uzito. Ni ya kuongozea tu.

Shemeji naye akamwona mama yake.

"Mayu!" akaita, na mguu mmoja ukaanza kukimbia.

"Shika kamba!" nilimfokea kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu. "Ukiiachia unamuua mwenyewe! Lala nyuma!"

Akalala nyuma. Nilimwona visigino vinazama kwenye udongo na mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa analia waziwazi.

"Mayu," nikaita. Hilo lilikuwa neno la kwanza nililomwambia maishani. "Mayu, toka hapo. Tambaa, njoo mbele."

Alijifunika zaidi. Mkwe wake alikuwa amemsemesha. Mwanamke mwenye adabu zake angefanya nini kingine? Nilitaka kuchana kile kitenge. Nilimchukia dakika ile, namchukia na kumhurumia na kujilaani, yote kwa pamoja. Kumfuata chini ya bomba nisingeweza, maana ningekuwa wa pili, na asingebaki mtu wa kumwongoza opereta. Nikazunguka nyuma ya tuta, nikatokea upande aliokuwa anautazama, hatua nane mbele yake, nje ya mahali ambapo bomba lingeweza kufika. Nikachuchumaa ili tulingane.

"Mayu, nitazame."

Akatikisa kichwa ndani ya kitenge.

"Nimefanya kosa kubwa, nitalijibu kwa wakubwa. Lakini nitazame sasa hivi."

Nikamwinulia mkono, mkono wangu wa kazi, kiganja juu, vidole vikiita: njoo, njoo, taratibu. Kitenge kikashuka kidogo. Kwanza aliuangalia mkono. Kisha akanitazama usoni, nami nikamtazama, na nikaona uso wa mke wangu. Nyusi zile zile, kidevu kile kile kinachokaza akiogopa. Miaka saba nilikuwa nalala na uso huo bila kujua ulikotoka.

Akaanza kutambaa, akiburuta kapu na kibuyu.

"Acha vitu!"

Akaacha kapu. Kibuyu akang'ang'ania, kisha nacho akakiacha. Nilikuwa naita kwa mkono mmoja, mwingine umemzuia opereta, na jicho moja liko kwenye visigino vya shemeji, ambavyo vilikuwa vimeanza kuteleza. Hatua tano. Tatu. Alinyoosha mkono wake nami nikaushika, mkono mkavu wenye sugu za jembe, nikamvuta kwangu kwa nguvu hadi tukaanguka wote wawili.

Nyuma yake taya zikaachia. Bomba lilitoa mlio mfupi, likabingirika kwenye ujia, likagonga ukingo wa mtaro na kutulia. Michembe ya viazi iliyokuwa kapuni ilitapakaa kila mahali. Kibuyu sikukiona tena, ila maziwa mgando yalikuwa yamerukia hadi kwenye buti zangu.

Shemeji alikuwa amepiga magoti juu ya tuta, amefumbata mikono tumboni. Kamba ilimpitia viganjani na kuondoka na ngozi. Sikumrudisha kama nilivyomchukua.

Fomani alifika akihema. Akamtazama yule mama, akatazama bomba, kisha akatazama kibano kilichoning'inia kikiwa wazi. Nikaona uso wake unapata nafuu.

"Unaona?" akasema. "Vibano vyako vya kuchagua-chagua. Vile vya jana havikumwangushia mtu bomba."

Watu walikuwa wamejaa. Opereta alikuwa ameshuka kwenye kibanda chake, ananitazama. Yeye alikuwa amekiona kilichotokea. Na hapo, nakiri, nilikaa kimya muda ambao mpaka leo unaniaibisha. Ilikuwa rahisi. Kibano hakina mdomo. Fomu ya ajali ingejazwa "kibano kilifunguka," na hakuna neno ambalo lingekuwa la uongo. Kesho yake vingerudishwa vibano vya bati, na chini yake angesimama tena mwana wa pekee wa mama yule, mikono imefungwa bandeji.

"Kibano hakina kosa," nikasema. "Mimi niligeuka. Utepe sikuufunga, na mkono ulikuwa unasema shusha wakati macho yangu yako kwenye pamba. Andika hivyo."

"Uligeuka kutazama nini?"

Wenyeji waliokuwepo walielewa papo hapo, nikaona wanainamisha vichwa. Fomani si wa huku. Nilimwambia aandike tu niligeuka.

Niliondolewa kwenye mkono kwa mwezi mzima, nikawekwa stoo kukagua vibano na kuvipanga, vya bati rafu yake na vya mabomba rafu yake. Haikuniuma kama nilivyotegemea. Kilichoniuma ni kule kwa wakwe. Nilikuwa nimemsemesha mama mkwe, nimemtazama, nimemshika mkono na kugaragara naye udongoni mbele ya watu. Wakubwa wa ukoo walikaa wakazungumza, na mimi sikuitwa. Shemeji viganja vilipona, vikabaki na michirizi, akarudi kazini bila kuniuliza.

Mke wangu alikwenda kwao akakaa siku nne. Aliporudi alitua mzigo wake, akaosha miguu, akaomba maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilijua kwamba mama yake ndiye mtu pekee aliyeuona mgongo wangu kwa karibu, kabla na yeye hajageuka. Alijua vizuri kuliko fomu yoyote nani aliachia bomba lile.

"Mama amenituma," mke wangu akasema. Aliyatamka polepole, kama mtu aliyeambiwa asipunguze neno. "Anasema, mwambie mkwe wangu, siku nyingine akiwa na mzigo hewani, asiniheshimu."